Mo Amin: alikuwa jasiri kuliko wenzake, au alijua tu kuufikisha mkanda London?

#1 Bandari Kongwe
Wakuu, salaam. Kila tukimtaja Mohamed Amin, mpiga picha wa vita, Mo wa kampuni ya picha ya Camerapix, tunaanza na ujasiri. Mabomu, jela ya Unguja, mkono uliokatika. Mimi naleta hoja nyingine na najua mtanirarua. Wajasiri walikuwa wengi. Enzi zile walikuwepo vijana tele wenye kamera na roho ngumu, na leo majina yao hayajulikani hata na wajukuu zao. Mo alichowazidi ni kufikisha mkanda.

Fikirieni Dar ya 1964. Huna setilaiti ya kurushia picha. Umepiga filamu ya milimita 16, haijasafishwa, hujui hata kama imetoka. Unaifunga kwenye kopo, unachapa karatasi ya maelezo kwa taipureta: nani yumo kwenye picha, wapi, lini. Unakimbia uwanja wa ndege. Unawapa watu wa mizigo, au unambembeleza abiria anayekwenda Ulaya aibebe. Ndege ikikuacha, mwenzako wa shirika pinzani ameshakuzidi, na picha yako hata ingekuwa nzuri vipi hailipwi. Mo alianzisha Camerapix hapa Dar mwaka 1963, kijana wa miaka 20, na tayari anauza kazi nje.

Sasa swali: mpiga picha wa vita tumpime kwa alichokiona au kwa kilichofika?

#2 Kiti Moto Baridi
Nimeshusha kiti, nasubiri wazee wa makabrasha.

#3 Mwana Eastleigh
Boss, kabla hujaenda mbali: "hapa Dar" ni nini? Mo ni wetu. Kazaliwa Eastleigh, Nairobi, 1943. Mengine endeleeni.

#4 Shomvi
@Mwana Eastleigh, kazaliwa kwenu akakulia kwetu. Baba yake alikuwa fundi wa reli, familia ikahamia Dar 1952. Kamera yake ya kwanza, Box Brownie ya mtumba ya shilingi 40, aliinunua akiwa mwanafunzi. Mbio za magari za Safari alianza kuzipiga picha akiwa bado na kaptula ya shule. Mlichompa nyie ni cheti cha kuzaliwa tu.

#5 Mwana Eastleigh
Mlimlea vizuri sana, halafu mkamfunga na kumfukuza 1966. Sisi tukampokea. Hapo mna la kusema?

#6 Ikhwani wa Malindi
Tuliza boli, ndugu yangu. Aliyemfunga si Dar, ni Unguja. Alitiwa gereza la Kiinua Mguu, akakaa karibu mwezi mzima, kisha ndiyo akatolewa nchini. Alikuwa anafuatilia habari za wakufunzi wa kijeshi kutoka nchi za kambi ya Mashariki, na wakati ule hapa petu hilo halikuwa jambo la mtu kulifuata na kamera begani.

Mleta mada, mimi nina maelezo mengine. Kiinua Mguu ndiyo iliyomfanya Mo. Kabla ya pale alikuwa kijana mwepesi wa miguu. Baada ya pale, mtazame: haingii nchi ya mtu mpaka ajue waziri ni nani, karani wa waziri ni nani, na ndugu yake karani anaishi mtaa gani. Mtu aliyewahi kufungiwa mlango wa chuma huanza kuhesabu milango.

#7 Mkasi na Gundi
Nimesoma #1 na #6. Wote mmesahau kamera yenyewe.

Nilikaa chumba cha uhariri Nairobi mwishoni mwa miaka ya sabini, filamu zikikatwa kwa mkono. Wacha niwaambie wanangu wa simu. Kamera ya Bolex inaenda bila betri. Ina springi. Unaifunga kwa mpini ulioko ubavuni, ukibonyeza inakimbia sekunde 28 hivi kisha inasimama. Risasi zinalia, wewe unazungusha mpini. Roli la futi 100 ni dakika mbili na sekunde arobaini na kitu, limekwisha. Hapo unajikunyata kivulini, unajifunika koti maana mwanga ukiingia umeunguza kazi, unavua roli lililopigwa na kuvika jingine kwa kupapasa huku macho yako yako barabarani. Kitanzi cha filamu kikikaa vibaya pale kwenye meno, picha yote inacheza, na utaijua baada ya siku tatu watakapokuandikia barua ya kukutukana.

Kwa hiyo mezani kwangu walikuja wapiga picha wa aina mbili. Mmoja analeta roli zima la vumbi na watu wanaokimbia, unatafuta sekunde tano za kutumia huzioni. Mwingine analeta mtaa mpana, halafu mtu anayetazama, halafu uso kwa karibu, halafu mkono, halafu mtu anayeondoka. Kazi yako ni kukata na kuunga tu, ameshakuhariria kichwani. Mo alikuwa huyu wa pili. Zitazameni picha za kuuawa kwa Tom Mboya, Jumamosi ya tarehe 5 Julai 1969, Government Road. Alifika dakika chache baada ya risasi, akaingia mpaka kwenye gari la wagonjwa. Kila alichokipiga kina sababu ya kuwepo. Zilimpa tuzo Uingereza.

Hilo si jambo la ujasiri wala mizigo. Ni nidhamu ya sekunde 28.

#8 Dogo wa Kijitonyama
Mzee @Mkasi na Gundi, heshima yako. Ila Ethiopia 1984 ilikuwa video, si filamu. Kaseti ya dakika 20, betri kiunoni. Nidhamu ya springi inaingiaje hapo?

#9 Mkasi na Gundi
Mkono uliofundishwa kubana hausahau. Na usidhani video ilikuwa raha. Mashine ya kurekodia ilikuwa sanduku peke yake, anabeba mtu wa sauti begani, na waya mnene unamuunganisha na mwenye kamera. Mkikimbia mnakimbia wawili. Mmoja akianguka, wameanguka wote.

#10 Bandari Kongwe
Dogo ameleta 1984, na pale ndipo hoja yangu inaposimama vizuri. Njaa ya Wollo na Tigray, kaskazini mwa Ethiopia, haikuanza Oktoba. Mashirika ya misaada yalipiga kelele mwaka mzima, na taarifa nyingine za televisheni zilikwisha kutoka Uingereza kabla. Mo na Michael Buerk wa BBC wanafika Korem na Makelle, wanapiga, kanda zinabebwa kwa ndege kwenda London, tarehe 23 Oktoba BBC inaonyesha. Visnews, shirika la kusambaza picha za habari, wanasambaza, vituo zaidi ya 400 vinaonyesha. Bila Visnews, ile ingekuwa taarifa ya jioni moja.

#11 Mama Sauda
Naomba kupinga. New York hawakuutaka mkanda! NBC, televisheni ya Marekani, waliambiwa na ofisi yao ya London kuna picha kutoka Ethiopia, wakajibu hawana nafasi. London wakairusha tu kwa setilaiti bila kusubiri ruhusa. Chumba cha habari kilipoiona, watu wote wakanyamaza, ikaingia taarifa ya jioni hiyo hiyo. Sasa kilichowageuza ni kufika au ni picha? Maana kufika, hata takataka hufika.

#12 Bandari Kongwe
@Mama Sauda, na kama wa London wasingeirusha kwa ubishi wao?

#13 Mama Sauda
Basi sifa ni ya huyo wa London, si ya Mo. Umejifunga goli mwenyewe.

#14 Kiti Moto Baridi
😂😂 Mleta mada akanywe maji.

#15 Mwalimu wa Zamu
Mnaniruhusu niongeze? Wengi wanasema picha. Mimi nasema maneno ya Buerk yalibeba nusu ya kazi. Ile taarifa ya dakika saba hivi haina kelele. Anasema sentensi fupi, ananyamaza, anaacha upepo na vikohozi vya watu visikike. Aliifananisha na njaa ya kwenye Biblia, na mtazamaji wa Ulaya akaelewa papo hapo bila kuelezwa Korem iko wapi. Mo na kamera yake wangepeleka picha zile zile na msomaji taarifa akapiga porojo juu yake, zingepita.

Na kuna mwanga. Zilipigwa alfajiri, moshi wa kuni na ukungu, watu wamejifunika mashuka, bado wanaamka, na baadhi yao hawaamki. Kamera inakwenda polepole na haifiki mwisho wa watu. Mpiga picha mwingine angekimbilia mtoto aliyekonda kuliko wote akaanza naye. Mo alianza na uwanda.

#16 Habesha wa Kariakoo
Ndugu, nimeishi Addis, naomba mnisikilize kidogo maana mnazungumzia njaa kama vile ni ukame tu. Ile ilikuwa vita. Kaskazini yote serikali ya kijeshi ya Derg ilikuwa ikipigana na waasi, TPLF wa Tigray na EPLF wa Eritrea. Masoko yalipigwa kwa ndege, barabara zimefungwa, mkulima hauzi wala hanunui. Aliyepiga picha Korem alipiga picha ya vita ambayo bunduki hazionekani. Kwa hiyo anayeuliza kama Mo alikuwa mpiga picha wa vita au wa njaa, pale Korem ni kitu kimoja.

Na kwa nini Oktoba? Kwa sababu Septemba 1984 Derg walikuwa wanasherehekea miaka kumi ya kushika nchi. Addis imepambwa mataa na matao. Waandishi walikataliwa kwenda kaskazini mpaka sherehe ziishe. Zilipoisha, mlango ukafunguka kidogo. Mwenye mguu pale mlangoni alikuwa Mo. Hapo nakubaliana na Ikhwani #6 kuliko wengine.

#17 Mwalimu wa Zamu
@Habesha, umenikumbusha. Derg walikuwa na sababu ya kuogopa kamera. Njaa ya 1973 mtangazaji Mwingereza Jonathan Dimbleby aliitengenezea kipindi cha televisheni. Septemba 1974, jioni ya kuamkia siku ya kumwondoa Haile Selassie, wanajeshi wakakionyesha kwenye televisheni ya Ethiopia, wamekichanganya na picha za mfalme akila karamu. Asubuhi wakamchukua. Waliopanda kwa picha walijua picha inaweza kuwashusha.

#18 Jicho la Tatu
Na misaada yote ile ilinunua silaha, mbona hamsemi? Bob Geldof na wenzake walilisha waasi. Waafrika tunadanganywa kila siku.

#19 Mama Sauda
@Jicho la Tatu, taratibu. BBC waliwahi kutoa kipindi 2010 kuhusu fedha zilizoingia mikononi mwa waasi wa Tigray, halafu Novemba mwaka huo huo wakaomba radhi hadharani kwa kuacha watu waamini kwamba fedha za Band Aid, kundi la wanamuziki la Geldof, ndizo zilizonunua silaha. Kama una ushahidi mpya, ulete.

#20 Msimamizi
Tusihamie siasa za Ethiopia. Mada ni mpiga picha.

#21 Kapteni Machungwa
Mzee Mo alikuwa chuma. Alikatwa mkono wa kulia vitani Eritrea, bado akarudi kazini. Mwamba.

#22 Mwana Eastleigh
Kapteni, umekosea mara tatu kwenye mstari mmoja. Mkono ni wa kushoto. Si Eritrea, ni Addis Ababa. Na mji ulikuwa umeshaanguka. Waasi wa EPRDF waliingia Addis tarehe 28 Mei 1991, na mapema Juni ghala la silaha likalipuka usiku. Mo na wenzake walikwenda kupiga moto, ghala likalipuka tena wao wakiwa pale. John Mathai, mtu wake wa sauti, akafa. Mo akapoteza mkono. Akaenda Marekani akawekewa mkono wa bandia wa umeme, akarudi kubeba kamera.

#23 Fundi Sauti Mstaafu
Nilikuwa najiuliza kama kuna mtu atalitaja jina la Mathai kabla ya ukurasa wa tatu. Asante @Mwana Eastleigh.

Nimefanya kazi hii ya sauti. Mzee Mkasi ameeleza waya pale #9 lakini ameeleza akiwa mezani. Mwenye kamera jicho lake moja limefungwa kwenye kioo cha kutazamia, jingine limefumbwa. Haoni kushoto, haoni nyuma, hajui kama kuna shimo. Wewe wa sauti ndiye macho yake. Mkono mmoja umeshika kipaza sauti, mwingine umeshika mkanda wa suruali yake unamrudisha nyuma kinyumenyume kama unaongoza punda kwenye kichochoro. Masikioni una spika, kwa hiyo unasikia kila kitu kimekuzwa: pumzi zake, mtu anayelia, chuma. Yeye anaona mduara mdogo na moyo wake umetulia kwa sababu kioo kinamdanganya kwamba ile ni picha. Wewe hujadanganywa. Likitokea la kutokea, tuzo ina jina moja.

Mleta mada, ongeza hilo kwenye hesabu yako ya kufika. Nani alikuwa anambeba anayebeba?

#24 Bandari Kongwe
Hapo umenigusa mzee wangu. Mathai nilimjua kwa jina tu.

#25 Mkasi na Gundi
Na si yeye peke yake. Mogadishu, 12 Julai 1993. Helikopta za Kimarekani zilipiga kwa makombora nyumba walimokutana watu wa Aidid, mbabe wa vita wa Somalia. Waandishi wakapelekwa pale kuona maiti, umati ukawageukia. Walikufa wanne: Hos Maina, mpiga picha wa Reuters, Mkenya. Anthony Macharia, mtu wa sauti wa Reuters, Mkenya. Dan Eldon, kijana wa miaka 22 aliyekulia Nairobi. Na Hansi Krauss wa AP, Mjerumani. Mohamed Shaffi, mpiga picha wa televisheni, naye wa Kenya, akaponea chupuchupu na majeraha. Nairobi ilikuwa kituo. Vita yoyote kuanzia Sudani mpaka Msumbiji, vijana walitoka hapa Nairobi, wakarudi hapa, wengine wakarudi kwa sanduku.

#26 Mwana Volkeno
Jambo bandugu. Miye niko Goma. Ninasoma hii uzi, ninacheka kidogo. Munasema Mo, Buerk, Reuters. Huku kwetu wazungu wanafikaka na kamera ya bei, lakini njia inajulikana na sisi. Novemba 2012 waasi wa M23 walipoingia Goma, nilibebea mpiga picha mmoja begi na kumwongoza. Barabara ya kupita, miye. Kizuizi cha askari, miye ndiye nilisema nao, Kiswahili hapa, Kinyarwanda kule. Alipiga picha muzuri, sikatae. Alipanda ndege akaenda. Miye nilibaki, na wale askari walikuwa wananijua sura. Hakuna bima, hakuna kofia ya chuma, malipo ya siku tu, na ya siku ya mwisho sijaiona mpaka leo.

Mutu wa kwenu Mo alikuwa tofauti juu alikuwa mwenyeji. Hakuna mutu wa kumwongoza. Na alipomaliza, alirudi kulala Afrika. Miye ninaona siri yake ni hiyo tu.

#27 Mama Sauda
Pole sana @Mwana Volkeno. Hiyo ya mwenyeji inaingia akilini zaidi ya springi na ya mizigo.

#28 Shomvi
Ila Korem hakuwa mwenyeji. Hajui Kiamhari wala Kitigrinya, naye ni mgeni kama Buerk. Tusije tukaamini kila Mwafrika ni mwenyeji wa Afrika nzima.

#29 Mwana Volkeno
Sawa. Lakini alijua namna ya kungojea kwa ofisi ya serikali ya Kiafrika. Hiyo luga ni moja bara lote.

#30 Kiti Moto Baridi
Luga ya "njoo kesho" 😂

#31 Mti Mkavu, Arusha
Mimi naleta kesi nyingine inayompinga mleta mada. Nick Hughes, mpiga picha aliyekuwa na Mo kwenye lile ghala la Addis. Aprili 1994 yuko Kigali, juu ya paa la shule ya Kifaransa. Ng'ambo ya bonde anaona kwa lenzi ndefu wanawake wamepiga magoti barabarani katikati ya maiti, mmoja ananyanyua mikono. Watu wanapita, wanawatazama, wanakwenda zao. Kisha wanakuja wanaume wenye marungu. Hughes anapiga yote. Ni karibu picha pekee za video za mauaji yenyewe katika mauaji yale ya kimbari.

Ule mkanda ulifika. Ulionyeshwa. Na dunia haikufanya kitu. Ulipata kazi baadaye, kama ushahidi, huku kwetu Arusha pale AICC kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda. Kwa hiyo kufika hakutoshi, na picha pia haitoshi. Kuna kitu cha tatu sijui tukiiteje.

#32 Jicho la Tatu
Kitu cha tatu ni kwamba Korem hakukuwa na wa kulaumiwa aliyeonekana. Njaa unachangia, unaimba, unapiga gitaa kwenye tamasha la Wembley 13 Julai 1985, unalala. Kigali ilitakiwa wapelekwe askari. Nani anataka kupeleka mtoto wake?

#33 Mti Mkavu, Arusha
@Jicho la Tatu, mara hii umeongea.

#34 Mjukuu wa KAR
Samahani kwa kuchelewa, naomba niwarudishe nyuma zaidi. Babu yangu alikuwa KAR, jeshi la kikoloni la Waingereza, Burma, Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, bonde la Kabaw mpaka Kalewa, 1944. Alikuwa akitusimulia kuhusu sajini mmoja Mzungu asiyebeba bunduki mkononi, anabeba kamera ya kufunga kwa springi kama hiyo ya Mzee Mkasi. Siku moja walivuka mto, mvua, matope mpaka kiunoni, nyumbu wamekwama. Wakafika ng'ambo. Yule sajini akamwendea ofisa, wakanong'ona, halafu kikosi cha babu kikaambiwa kirudi kivuke tena, maana mara ya kwanza alikuwa hajavika roli. Babu alikuwa anacheka, lakini anasema siku ile walitaka kumzamisha.

Kwa hiyo picha za vita ni za kupangwa, wakuu. Nyingi.

#35 Mwalimu wa Zamu
Huyo atakuwa wa kitengo cha filamu na picha cha jeshi la Uingereza. Walichukuliwa askari wa kawaida, wakafunzwa kwenye studio za Pinewood, wakapewa cheo cha sajini na kamera ya milimita 35. Futi 100 kwenye kamera hiyo ni dakika moja na kidogo tu, kwa hiyo namwelewa. Filamu zao zilipelekwa London, wengi hawakuziona. Zipo Imperial War Museum mpaka leo, pengine babu yako anavuka mto mara ya pili mle ndani.

Ila usiseme zote zimepangwa. Mfano maarufu ni bendera ya Marekani iliyosimamishwa kisiwa cha Iwo Jima, Japani, 23 Februari 1945. Watu walisema miaka mingi kwamba ile picha mnato ya mpiga picha Rosenthal ilipangwa. Kilichowajibu ni filamu ya rangi ya Bill Genaust, sajini wa wanamaji aliyesimama karibu naye akipiga kwa wakati mmoja. Inaonyesha mlingoti unanyanyuliwa moja kwa moja, hakuna aliyeambiwa asimame vizuri. Siku tisa baadaye Genaust aliuawa kwenye pango kisiwani hapo hapo, na maiti yake haikupatikana.

#36 Ikhwani wa Malindi
Kwa kupanga na kutopanga, msisahau Waitaliano waliopiga Unguja kutoka angani Januari 1964, wakaziweka kwenye filamu yao ya 1966. Zile zinabishaniwa mpaka leo zinaonyesha nini. Na Kongo, mmoja wao, Jacopetti, alishitakiwa kwao kwa tuhuma kwamba watu walipigwa risasi kwa kungojea kamera yake. Akaachiwa, lakini...

#37 Msimamizi
Ikhwani, mjadala wa Mapinduzi una uzi wake. Huko tafadhali.

#38 Ikhwani wa Malindi
Nimesikia, mkuu. Nimeufunga mdomo.

#39 Kapteni Machungwa
Mbona hamumtaji Priya Ramrakha, yule kameramani wa televisheni wa Nairobi aliyeuawa Biafra?

#40 Mkasi na Gundi
Kapteni, leo siku yako. Ramrakha alikuwa mpiga picha mnato, alifanya kazi na magazeti ya Time na Life, mmoja wa Waafrika wa kwanza kufika huko. Aliuawa Oktoba 1968 kwenye shambulio la kuvizia karibu na Owerri, Morley Safer, mwandishi wa televisheni ya CBS ya Marekani, akiwepo. Lakini umefanya vyema kumtaja. Nairobi hapa ukisema Ramrakha wanadhani ni duka la vitambaa.

#41 Dogo wa Kijitonyama
Na kifo cha Mo mwenyewe? Nimesikia ndege ilitunguliwa Komoro.

#42 Mwana Eastleigh
Haikutunguliwa. Ethiopian Airlines 961, 23 Novemba 1996, inatoka Addis kuja Nairobi. Watekaji watatu wanataka ipelekwe Australia. Rubani Leul Abate anawaambia mafuta hayafiki, hawaamini. Mafuta yakaisha, akaishusha baharini karibu na ufuko wa Galawa, Ngazija. Walikuwa 175 ndani, walikufa 125. Mo alikuwemo pamoja na Brian Tetley, mwandishi wake wa Camerapix. Ile video mnayoiona ya bawa kugusa maji ilipigwa na watalii waliokuwa ufukweni.

Manusura walisema dakika za mwisho Mo alikuwa amesimama, anabishana na watekaji.

#43 Mama Sauda
Kwa nini alisimama? Kwa kawaida abiria huinama na kukumbatia magoti.

#44 Ikhwani wa Malindi
Alizoea kuongea na wenye bunduki akawashinda kwa maneno. Kazi ya miaka thelathini.

#45 Fundi Sauti Mstaafu
Mimi naona tofauti. Hakuwa na kamera mkononi. Mtu wa kamera bila kamera hajui kukaa, anatafuta cha kufanya.

#46 Jicho la Tatu
Au alikuwa anawapanga abiria wawavamie. Walikuwa watatu tu.

#47 Habesha wa Kariakoo
Au alikuwa anaelewa ramani kuliko watekaji, akajua kinachokuja. Yote manne yanawezekana kwa mtu mmoja.

#48 Dogo wa Kijitonyama
Swali la nje kidogo kwa mleta mada. Siku hizi Sudani wapiganaji wenyewe wanajirekodi kwa simu na kurusha. Mkanda unafika kabla damu haijakauka. Kwa hesabu yako hao ndio wapiga picha bora wa vita duniani?

#49 Bandari Kongwe
Swali zuri, kijana. Jibu langu: enzi za Mo tatizo lilikuwa ndege ya saa tatu usiku. Sasa hivi mkanda unafika na mwingine mia moja wa uongo umeshafika kabla yake. Kazi ya kufikisha haijaisha, imehama tu. Bado nasimama na hoja yangu.

#50 Mama Sauda
Umesimama, lakini kiti kimeshachukuliwa.

#51 Mkasi na Gundi
Kabla hamjalala, kuna mwenye kujua fundi wa springi za Bolex Dar au Nairobi? Ninayo moja, inafunga vizuri ila inasimama sekunde ya kumi. Nikiipata nitaleta picha humu.

#52 Shomvi
Mzee, jaribu mafundi saa wa Kariakoo. Ila usiwaambie ni kamera, bei itapanda.